Mgeni njoo, mwenyeji apone: Beijing ilivyosafisha hewa yake kwa ajili ya Olimpiki

NA MWANDISHI WETU

Mashabiki wa riadha nchini walikesha usiku wa kuamkia Jumapili, Agosti 24, 2008. Ilipotimu saa nane na nusu usiku kwa saa za hapa nyumbani, wanariadha wa marathoni walianza kutimua mbio kutoka medani ya Tiananmen jijini Beijing, Uchina, ambako jua lilikuwa limekwisha chomoza. Saa mbili, dakika sita na sekunde 32 baadaye, Samuel Wanjiru, kijana wa miaka 21, aliingia peke yake katika uwanja unaojulikana kama Kiota cha Ndege na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni katika Olimpiki. Rekodi aliyoivunja ilikuwa imedumu kwa miaka 24. Wiki moja kabla yake, Catherine Ndereba alikuwa amenyakua fedha katika marathoni ya wanawake kwenye jiji lilo hilo.

Jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba mwaka mmoja kabla ya siku hiyo kulikuwa na shaka kubwa iwapo mbio hizo zingefanyika kwa wakati uliopangwa. Haikuwa hofu ya vita wala ya mgomo. Ilikuwa hofu ya hewa.

Mnamo Agosti 2007, Jacques Rogge, ambaye wakati huo alikuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alisema kwamba mashindano yanayohitaji stahamala, kama vile mbio za baiskeli za masafa marefu, huenda yangeahirishwa iwapo hewa ya Beijing ingekuwa mbaya siku ya mashindano. Machi 2008, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alitangaza kwamba hangeshiriki mbio hizo Beijing. Haile ana ugonjwa wa pumu, na alihofia kwamba kukimbia kilomita 42 katika moshi wa jiji hilo kungeidhuru afya yake. Badala yake alishiriki mbio za mita 10,000, ambazo humalizika kabla ya nusu saa, akawa wa sita. Mwezi mmoja baada ya Olimpiki alikwenda Berlin, Ujerumani, na kuvunja rekodi yake mwenyewe ya marathoni.

Je, Beijing ilifanya nini hata marathoni ikakimbiwa na rekodi ikavunjwa? Na je, hewa hiyo iliyosafishwa kwa ajili ya wageni iliwafaidi vipi wenyeji? Maswali haya yanatuhusu. Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja nafasi ya kuandaa mashindano ya soka ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027. Jiji linapojiandaa kupokea wageni hupaka rangi kuta, huziba mashimo ya barabara na kukata nyasi. Hewa ni nadra kukumbukwa.

Mapafu ya mkimbiaji

Ili kuelewa hofu ya Haile, ni vyema kwanza tuelewe jinsi binadamu anavyopumua. Mtu mzima aliyeketi na kutulia huvuta hewa kiasi cha lita sita hadi nane kwa dakika moja. Mwanariadha wa marathoni anapokuwa mbioni anaweza kuvuta zaidi ya lita 100 kwa dakika. Kwa hivyo uchafu wowote uliomo hewani huingia kifuani mwake mara nyingi zaidi kuliko kwa mtu anayemtazama kando ya barabara.

Isitoshe, mkimbiaji hupumua kwa mdomo. Pua ina vinyweleo na ute unaonasa vumbi kabla halijafika mbali. Mdomo hauna kinga hiyo. Hewa inayopita mdomoni hufika mapafuni ikiwa na vumbi na moshi wake wote.

Uchafu unaowatia wasiwasi zaidi wataalamu si ule vumbi tunaoufuta mezani. Ni chembechembe ndogo mno ambazo kitaalamu huitwa PM2.5. Unywele mmoja wa kichwa cha binadamu ni mnene kuliko chembe hizo kiasi cha mara 30. Hutokana na moshi wa dizeli, makaa ya mawe, kuni, makaa ya kupikia na takataka zinazochomwa. Kwa sababu ya udogo wake, hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, mahali ambapo hewa hukutana na damu, na nyingine huingia katika damu yenyewe.

Zikifika huko, mwili huziona kama adui. Mapafu huvimba kwa ndani, mirija ya kupitishia hewa hujikaza, na mgonjwa wa pumu huanza kukoroma kifuani. Damu nayo huwa nyepesi kuganda, na hapo ndipo hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inapoongezeka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba, husababisha vifo vya watu wapatao milioni saba duniani kila mwaka. Wengi wao hawafi kwa ugonjwa wa kifua kama inavyodhaniwa, bali kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu.

Kuna pia gesi ya ozoni, inayojitokeza moshi wa magari unapopigwa na jua kali. Gesi hii huwasha koo na kufanya kifua kibane. Katika Olimpiki ya Los Angeles, Marekani, mwaka 1984, jiji ambalo lilijulikana kote kwa ukungu wake wa moshi, Steve Ovett wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa mita 800, alianguka baada ya fainali kwa shida ya kupumua na kupelekwa hospitalini.

Magari nusu, ujenzi kimya

Beijing ilipewa nafasi ya kuandaa Olimpiki mnamo Julai 2001, kwa hivyo ilikuwa na miaka saba ya kujitayarisha. Jiji hilo lina tatizo la kimaumbile. Limezungukwa na milima upande wa kaskazini na magharibi, na upepo unapotoka kusini huleta moshi wa viwanda vya mkoa wa Hebei na jiji la Tianjin na kuukusanya pale kama maji ndani ya bakuli. Mwezi wa Agosti, joto na unyevu huongezeka na upepo hutulia.

Hatua za kwanza zilikuwa za muda mrefu. Matanuri ya makaa ya mawe yalibadilishwa yakaanza kutumia gesi. Kiwanda kikubwa cha chuma cha Shougang, kilichokuwa kikitoa moshi ndani ya jiji tangu enzi za babu zao, kiliamriwa kuhamia Caofeidian kwenye pwani ya Hebei. Njia mpya za reli ya chini ya ardhi zilijengwa, na tatu kati yake zilifunguliwa kwa pamoja Julai 19, 2008, siku moja tu kabla ya amri kuu ya magari kuanza kutekelezwa.

Amri hiyo ndiyo iliyogonga vichwa vya habari kote duniani. Kuanzia Julai 20 hadi Septemba 20, 2008, magari yenye nambari za usajili zinazoishia na 1, 3, 5, 7 au 9 yaliruhusiwa barabarani siku moja, na yale yanayoishia na 0, 2, 4, 6 au 8 siku iliyofuata. Beijing wakati huo ilikuwa na magari zaidi ya milioni tatu. Mabasi, teksi na magari ya dharura hayakuguswa. Kabla ya hapo, mnamo Agosti 2007, jiji lilikuwa limefanya jaribio la siku nne kwa mpango huo huo ili kuona kama ungefaa. Malori na magari makuukuu yanayotoa moshi mwingi yalikuwa tayari yamepigwa marufuku tangu Julai 1.

Aidha, kazi za kuchimba misingi na kumwaga zege zilisimamishwa ili kupunguza vumbi. Viwanda vingi vya Beijing na vya mikoa jirani vilipunguza kazi au kufungwa kabisa kwa muda. Waajiri waliombwa kubadilisha saa za kuingia kazini ili watu wasijazane barabarani kwa wakati mmoja.

Hatua hizi hazikuja bure. Vibarua wa mijengo, wengi wao wakiwa watu waliotoka mashambani, walirudi makwao bila ujira wa majuma hayo. Wenye magari walilazimika kusafiri kwa njia nyingine siku moja baada ya nyingine. Ni vyema tulikumbuke jambo hili, maana mara nyingi anayelipa gharama ya usafi wa jiji ndiye aliyekuwa na kidogo tangu mwanzo.

Upepo na mvua

Siku chache kabla ya ufunguzi wa Agosti 8, ukungu wa kijivu bado ulikuwa umetanda. Waendeshaji baiskeli wanne wa Marekani walishuka uwanja wa ndege wakiwa wamevaa barakoa, jambo lililowakera wenyeji hata wakalazimika kuomba radhi. Kisha, baada ya siku za kwanza za mashindano, mvua kubwa ilinyesha na upepo ukabadilika. Anga likatakata. Siku ya Wanjiru kukimbia, anga lilikuwa jangavu.

Wanasayansi waliopima hewa siku hizo walisema wazi kwamba si amri za serikali peke yake zilizoleta nafuu. Hali ya hewa, yaani mvua na upepo, ilichangia kwa kiasi kikubwa, na hata hivyo siku nyingi bado zilizidi viwango vya WHO. Hata hivyo, uchafuzi ulipungua. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba aina mbalimbali za uchafu wa hewani zilipungua kwa kati ya asilimia 13 na asilimia 60 wakati wa michezo ikilinganishwa na majuma yaliyotangulia.

Aliyepona ni nani?

Hapa ndipo hadithi ya Beijing inapoacha kuwa ya michezo na kuwa ya afya. Wanariadha walikaa pale majuma machache tu. Walioishi humo mwaka mzima walikuwa mamilioni ya wakazi. Wataalamu waliiona nafasi ambayo haipatikani kwa urahisi, kwani ni nadra jiji zima kupunguza moshi kwa tarehe inayojulikana na kisha kuurudisha kwa tarehe inayojulikana.

Katika hospitali moja ya jiji hilo, watu wazima waliofika kutibiwa pumu walikuwa wastani wa 12.5 kwa siku mwezi Juni, kabla ya hatua hizo kuanza. Wakati wa michezo walipungua hadi 7.3 kwa siku.

Utafiti wa pili ulifuatilia madaktari vijana 125 wasio na ugonjwa wowote waliokuwa wakifanya kazi Beijing. Damu yao ilipimwa kabla ya michezo, wakati wa michezo na baada ya michezo. Hewa ilipotakata, dalili za damu kuelekea kuganda zilipungua. Moja ya dalili hizo ilishuka kwa asilimia 34, nyingine kwa asilimia 13. Moshi uliporejea, dalili nyingi zilianza kupanda tena. Hawa hawakuwa wazee wala wagonjwa. Walikuwa vijana waliojiona wazima, na hawakujua kwamba hewa ya kila siku ilikuwa ikiwatia dosari katika damu.

Utafiti wa tatu, uliochapishwa mwaka 2015, uliangalia rekodi za watoto zaidi ya 83,000 waliozaliwa katika jiji hilo. Watoto ambao mama zao walikuwa katika mwezi wa nane wa ujauzito wakati wa Olimpiki walizaliwa wakiwa na uzani mkubwa zaidi kwa wastani wa gramu 23, ikilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa katika mwezi huo huo wa ujauzito tarehe kama hizo mwaka 2007 au 2009. Gramu 23 ni kidogo, si zaidi ya vijiko vichache vya sukari. Lakini huo ni wastani wa watoto wengi, tena kwa majuma machache tu ya hewa nafuu. Ina maana kwamba moshi humfikia mtoto hata kabla hajavuta pumzi yake ya kwanza.

Hali kama hiyo iliwahi kuchunguzwa huko Atlanta, Marekani, iliyoandaa Olimpiki ya mwaka 1996. Katikati ya jiji kulifungwa kwa magari ya kibinafsi, mabasi yakaongezwa na usafiri wa umma ukafanya kazi usiku na mchana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba matibabu ya dharura ya pumu kwa watoto waliokuwa katika mpango wa serikali wa afya kwa maskini yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika siku 17 za michezo. Ni haki kusema kwamba wataalamu wengine walirudia hesabu hizo baadaye wakatilia shaka, kwa kuwa hewa ilikuwa nzuri wakati huo hata katika miji jirani isiyokuwa na michezo. Ndiyo sababu ushahidi wa Beijing, ambako watu walipimwa damu moja kwa moja, una uzito zaidi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Beijing methali hii ilitimia kama ilivyo. Wageni walikuja, na wenyeji wakapona, ingawa kwa majuma machache.

Wageni walipoondoka

Septemba 20, 2008, muda wa amri ya magari uliisha. Kuanzia Oktoba mwaka huo, kila gari la kibinafsi lilitakiwa kukaa nyumbani siku moja tu kwa juma. Viwanda viliwashwa na mijengo ikaendelea. Magari yaliendelea kuongezeka, na hewa ikarudi ilikotoka.

Januari 2013, Beijing ilipatwa na moshi ambao wakazi wake hawatausahau. Mnamo Januari 12, kipimo cha ubalozi wa Marekani jijini humo kilionyesha 755, ilhali mizani yenyewe ilikuwa imetengenezwa kuishia 500. Wakati huo wakazi walikuwa wameanza kupata takwimu za PM2.5 kutoka kwa serikali yao, ambazo zilianza kutangazwa kwa kila saa mwaka 2012. Walipojua wanachovuta, walilalamika. Watu walikuwa wameliona anga la buluu mwaka 2008 na hawangeweza tena kuambiwa kwamba ule ulikuwa ukungu wa kawaida.

Septemba 2013 serikali ya Uchina ilitangaza mpango wa kitaifa wa kusafisha hewa, safari hii bila mgeni yeyote kutarajiwa. Makaa ya mawe yalipunguzwa mwaka baada ya mwaka, na kituo kikubwa cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe jijini Beijing kilizimwa Machi 2017. Magari makuukuu yaliondolewa barabarani. Matokeo yalionekana. Wastani wa PM2.5 kwa mwaka ulikuwa maikrogramu 89.5 katika kila mita ya ujazo ya hewa mwaka 2013, na kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeshuka hadi 33. Kiasi hicho bado ni zaidi ya mara sita ya kile ambacho WHO ilipendekeza mwaka huo huo, yaani maikrogramu 5. Lakini tofauti ya 89.5 na 33 ni maisha ya watu wengi.

Kwa hivyo, miezi miwili ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na miaka minane ya kazi isiyo na shamrashamra ndiyo iliyolifanya lidumu.

Nairobi je?

Nairobi si Beijing. Hatuna viwanda vikubwa vya chuma katikati ya jiji wala matanuri ya makaa ya mawe ya kupasha nyumba joto. Moshi wetu hutoka kwa magari makuukuu ya dizeli, malori na matatu. Kwa takataka zinazochomwa mitaani na katika jaa la Dandora. Kwa makaa, kuni na mafuta ya taa yanayotumika jikoni. Na kwa vumbi la barabara na mijengo. Anayeathirika zaidi ni yule asiye na gari. Ni mfanyakazi anayetembea kutoka mtaa wake hadi Eneo la Viwanda asubuhi na jioni, mama anayeuza mboga kandokando ya barabara, kondakta anayening'inia mlangoni, mwendeshaji bodaboda na askari wa trafiki.

Kuna mambo tuliyokwisha kufanya, tena vizuri. Petroli yenye madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa watoto, iliacha kuuzwa Kenya mwaka 2006, na hakuna aliyeirudisha baada ya wageni kuondoka kwa sababu haikuondolewa kwa ajili ya mgeni yeyote. Kuanzia Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Kanuni za kitaifa za ubora wa hewa zilichapishwa mwaka 2014. Kabla ya mashindano ya riadha ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 20 yaliyofanyika Kasarani Agosti 2021, kifaa cha kupima hewa kiliwekwa katika uwanja huo kwa ushirikiano wa wasimamizi wa riadha na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri.

Kipimo ni mwanzo mwema, lakini mtu hapimi homa kisha akaweka kipimajoto kabatini na kulala. Ikiwa vipimo vitawekwa viwanjani kwa ajili ya wachezaji, viwekwe pia Dandora, Mukuru na Eneo la Viwanda, na matokeo yatangazwe redioni kama zinavyotangazwa habari za mvua.

Je, tuige amri ya nambari za magari? Hapa tahadhari inahitajika. Jiji la Mexico lilianza mwaka 1989 kuzuia kila gari siku moja kwa juma. Familia zenye uwezo zilinunua gari la pili, aghalabu kuukuu, lenye nambari tofauti, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 haukuona dalili kwamba hewa ilipata nafuu. Beijing ilifaulu kwa majuma machache kwa sababu muda ulikuwa mfupi, na reli na mabasi yalikuwa yameongezwa kabla ya amri. Kumzuia mtu kutumia gari bila kumpa njia nyingine ni kumwadhibu tu. Hapa petu, ambako walio wengi hawana magari kamwe, hatua zenye manufaa zaidi ni nyingine. Magari ya uchukuzi wa umma yakaguliwe moshi kwa haki na bila hongo. Takataka zizolewe ili zisichomwe. Malori mazito yazuiwe kupita mijini wakati wa msongamano. Njia za wapita njia zitengwe mbali na moshi, na miti ipandwe kati yake na barabara. Vumbi la mijengo limwagiwe maji.

Hatua hizo hazihitaji miaka saba. Na zikianzishwa kwa ajili ya mashindano, kuna sababu gani ya kuzikomesha kipenga cha mwisho kikilia?

Ushauri kwa msomaji

Wakati tukingoja wakuu watimize wajibu wao, msomaji anaweza kujikinga kwa njia zifuatazo:

1. Ikiwa unakimbia kwa ajili ya afya, usikimbie kandokando ya barabara kuu wakati wa msongamano. Tafuta msitu, uwanja wa shule au barabara ndogo za mtaani. Hata mita 100 kutoka barabarani huleta tofauti. Usiache mazoezi, kwani faida yake kwa moyo ni kubwa.

2. Ukiwa na pumu, usiache dawa ya kila siku ya kuzuia kwa sababu tu umejisikia nafuu. Beba pampu yako ya kutuliza popote uendapo, hasa unapokwenda uwanjani au mahali penye umati. Usipoweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka rangi ya samawati, au pampu isipokutuliza, nenda hospitalini mara moja. Usingoje kuche.

3. Leso au barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kubwa, lakini haizuii chembechembe ndogo za moshi. Barakoa za aina ya N95 huzizuia, mradi ziwe zimebana uso vizuri.

4. Usichome takataka, hasa plastiki, mipira na nguo kuukuu. Moshi wake una sumu na huingia kwanza katika nyumba yako mwenyewe.

5. Pika mahali penye madirisha wazi, na ukiweza tumia gesi badala ya makaa au mafuta ya taa. Usilale kamwe na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Gesi yake haina harufu na huua usingizini.

6. Mama mjamzito na watoto wadogo wasikae karibu na moshi wa jiko au kituo cha matatu kwa muda mrefu. Anayebeba mtoto mgongoni akumbuke kwamba mtoto anavuta hewa ile ile, na kwa mapafu ambayo bado yanakua.

7. Nyunyiza maji kabla ya kufagia uwanja au duka. Dereva, zima injini unapongojea abiria au watoto nje ya lango la shule.

Samuel Wanjiru alifariki Mei 2011, akiwa bado kijana. Mbio zake za Beijing zitakumbukwa daima, na inafaa tukumbuke pia hewa aliyoivuta siku ile. Jiji zima lilikuwa limezima moshi wake ili yeye na wenzake wapumue. Katika majuma hayo, wagonjwa wa pumu waliofika katika hospitali ile walipungua, damu ya vijana ikawa salama zaidi, na watoto waliozaliwa baadaye wakaongeza uzani tumboni mwa mama zao. Kumbe dawa ilikuwepo muda wote, na ilitolewa tu kwa heshima ya mgeni.

Wageni wa Nairobi nao watakuja, watacheza na watakwenda zao. Sisi tutabaki hapa tukivuta hewa hii. Ikiwa tunaweza kuisafisha kwa ajili ya mtu atakayekaa nasi mwezi mmoja, basi hatuna kisingizio cha kutoisafisha kwa ajili ya mtoto atakayekulia hapa.